Fisi wa Koti la Kijani

Juzi mmoja wenu, kijana aliyekuja na kompyuta yake kwapani, alishika kitabu cha watoto cha enzi zetu, akakigeuza huku na huku, kisha akaniuliza, "Bibi, mbona msichana huyu mdomo wake uko shavuni?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka nao, maana mdomo ule tuliupeleka shavuni mimi na Mzee Kasule, mchana kweupe, tukiwa na akili zetu timamu.

Basi kaeni niwaeleze. Ninyi wachoraji wa siku hizi mnagusa kioo, rangi inakwenda inapotakiwa. Sisi tulichapa rangi moja moja. Karatasi zote zilipita kwanza kwenye mashine zikapigwa wino mweusi, ndio mistari na maneno. Zikaanikwa zikakauka. Halafu zikarudi tena kupigwa nyekundu, zikaanikwa, zikarudi kupigwa bluu. Sasa karatasi ni kama mtu, ikinyeshewa inavimba. Mvua ya Kampala ikipiga paa usiku, asubuhi karatasi imejaa unyevu na imetanuka upana wa unywele. Unywele huo tu ndio unaoutoa mdomo kinywani na kuupeleka shavuni. Watoto hawakulalamika. Walidhani wasichana wa vitabuni ndivyo walivyoumbwa, na ninamjua mmoja aliyejipaka mafuta ya mama yake shavuni ili afanane nao.

Mimi ni mtoto wa polisi. Baba alitoka kaskazini, nami nikakulia kambini Kampala, ambako Mwacholi, Mlugbara na Mteso walielewana kwa Kiswahili. Kiswahili chetu hakikuwa cha kupeleka mbele ya mwalimu, lakini kilitosha kugombana bombani na kupatana jioni. Ndiyo maana niliajiriwa. Kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko la Nakivubo kilitaka mtu wa kuchora picha za vitabu vya watoto, na awe anaijua lugha ya hadithi zenyewe. Mwenye kiwanda aliitwa Bwana Kanti, Mhindi mwembamba, mpole, aliyekuwa na wino chini ya kucha hata siku za sikukuu.

Bwana Kanti ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipompelekea mchoro wangu wa kwanza, sungura mzuri ajabu, manyoya yake nimeyachora moja moja, aliutazama akasema, "Rose, huyu sungura anatazama nini?"

"Hatazami kitu, Bwana. Amesimama tu."

"Basi mtoto atafunua ukurasa na kumpita. Mtoto akimwona mnyama, kwanza anafuata macho yake. Mpe kitu cha kutazama."

Nikarudi nikamchorea sungura yule karoti juu ya dirisha asilolifikia. Picha ikapata uhai. Hilo limenisaidia miaka yote, nami nawapa bure: kabla hujaharibu wino kwenye manyoya, amua macho yanakwenda wapi.

Mtu wa pili aliyenilea kazini ni Mzee Kasule. Alikuwa Muganda wa kifua kipana, akiendesha mashine na kupanga herufi za madini ya risasi kwa mkono. Mimi nilimsomea hadithi kwa sauti, yeye akapanga. Sasa mnajua Waganda na zile herufi mbili, r na l. Mimi nilikuwa "Lozi", karatasi ilikuwa "kalatasi", na mambo yakaenda hivyo. Siku moja nilimsomea, "Wanyama wakapiga kura kumchagua mfalme." Kitabu kilipotoka kilisema, "Wanyama wakapiga kula kumchagua mfalme." Nilitaka kulia. Lakini watoto wakaipenda sentensi ile kuliko zote, na wazazi wao wakaipenda zaidi, kwa sababu miaka ile ya serikali ya jeshi kura yenyewe ilikuwa hadithi ya zamani. Mzee Kasule alisema, "Lozi, mimi nimesema ukweri."

Kisha ikaja amri ya Wahindi kuondoka nchini. Hayo mmesoma shuleni, sitayarefusha. Nitasema tu kwamba siku yake ya mwisho, wenzake wakiwa wanafunga mizigo na kulia, Bwana Kanti alikuja kiwandani na shati la kazi akaisafisha mashine. Alifungua kila roli ya wino, akapangusa kila jino la gurudumu kwa kitambaa na mafuta ya taa. Mzee Kasule alimwambia aache, tutasafisha wenyewe. Akajibu, "Atakayekuja asiseme nilimwachia kitu kichafu." Alipomaliza akatupa mkono, akaenda. Mzee Kasule alikaa juu ya marobota ya karatasi hadi jioni.

Aliyekuja alikuwa sajini wa jeshi, Afande Adriko, mtu wa West Nile, mrefu, anakaa kambini Mbuya na familia yake. Amegawiwa jengo letu na serikali. Alifika na kufuli mpya mkononi, akazunguka ndani, akafungua kabati moja baada ya lingine.

"Sabuni iko wapi?" akauliza.

"Hapa hakuna sabuni, afande," nikamjibu.

"Sukari je? Shuka? Watu wengine wamepewa duka iko na redio. Mimi napewa duka gani hii?"

"Hii si duka, afande. Tunatengeneza vitabu vya hadithi. Vya watoto. Vya picha."

Akafunga kabati la mwisho, akasema mashine itauzwa kama chuma chakavu. Mimi na Mzee Kasule tukatazamana. Chuma chakavu! Lakini alipokuwa akitoka alipita mezani kwangu, akaona mchoro wa mbuzi niliokuwa nimeuacha nusu. Akasimama. Akainama.

"Hii mbuzi nani amechora?"

"Mimi, afande."

"Mkia yake iko mbaya. Umefanya inalala kama ya kondoo. Mbuzi mkia inasimama. Mimi nimechunga mbuzi mpaka nikaenda jeshi."

Nikachukua kifutio, nikaufuta mkia, nikausimamisha. Akatabasamu, na lile lilikuwa tabasamu la kwanza tuliloliona usoni mwake. Kesho yake alirudi, akisema amekuja kupima uzito wa mashine. Hakuipima. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu kuona kama mbuzi amemaliza kuchorwa. Siku ya tatu akaleta maziwa kwenye chupa na kukaa, akitaka kujua mbuzi huyo anakwenda wapi na kwa nini amefunga kitambaa kichwani. Habari ya chuma chakavu ikafa hivyo. Alitwambia kwao hakukuwa na kitabu chenye picha, na mara ya kwanza kuona mnyama kwenye karatasi alikuwa tayari na ndevu.

Tukafanya naye kazi vizuri kuliko tulivyotazamia. Tabu ilikuwa vifaa. Wino ulitoka nje ya nchi, na vya nje vilikuwa vimeadimika kama chumvi na sukari. Mzee Kasule alikuwa akikwangua mikebe ya zamani kwa kisu kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria.

Ndipo tulipotengeneza kitabu cha fisi. Hadithi niliitunga mwenyewe. Bwana Fisi anaumwa jino, anafunga shavu kwa kitambaa, anavaa koti lake zuri jekundu na kwenda hospitali ya Mulago kung'olewa. Anapanga foleni na wagonjwa wengine. Kila mgonjwa anapopatwa na uchungu, fisi anacheka, kwa kuwa ndivyo alivyo, hawezi kujizuia, na kila akicheka wanamsukuma nyuma ya foleni. Nilichora mabamba mawili tu ya kuchapia, la nyeusi na la nyekundu, kubana matumizi. Nyekundu ilikuwa ya koti, nyanya za mama mmoja kwenye foleni, na ulimi.

Nyeusi ikapita vizuri. Asubuhi ya kupiga nyekundu Mzee Kasule akafungua mkebe, akakuta wino umekuwa jiwe. Tukatafuta kila kabati. Uliobaki ni mkebe mmoja tu, mzima, umejaa: kijani.

"Lozi, langi ni langi," akasema.

Tukapiga. Nyanya zikatoka kijani, tukasema bado hazijaiva. Ulimi ukatoka kijani, tukasema fisi hula vibaya. Tulicheka mpaka machozi. Tukazianika karatasi kwenye kamba chumba kizima, na zile za mwanzo zilizochafuka tukawapa akina mama wa soko wafungie karanga, kama kawaida yetu.

Zilipokauka Afande Adriko akaja kutazama. Alisimama katikati ya kamba zile, fisi wamemzunguka pande zote. Hakucheka. Uso wake ukabadilika.

"Binti," akasema polepole, "hii fisi imevaa nini?"

"Koti, afande."

"Koti ya rangi gani?"

Hapo hapo nikaona alichokiona yeye. Koti lina vifungo vinne na mifuko miwili ya kifuani. Nilikuwa nimelichora kwa mtindo wa mjini. Kwa rangi nyekundu lilikuwa koti la bwana harusi. Kwa kijani lilikuwa gwanda la jeshi. Tulikuwa tumechapa fisi askari, mlafi, anayecheka watu wakiumia, mamia ya nakala, tukawaanika.

Ninyi vijana mnaweza kuona ni kichekesho. Wakati ule watu walipotea kwa maneno madogo kuliko picha. Jirani yetu wa dukani alichukuliwa mchana na watu wa usalama, wale wa miwani myeusi, wakamtia kwenye buti ya gari, na mke wake hakuoneshwa hata kaburi. Nikakimbia kufunga mlango.

"Tuchome," Mzee Kasule akasema.

"Moshi wa kalatasi yote hii?" Afande Adriko akamwigiza kidogo, hata katika hofu ile. "Watu watauliza tunachoma nini."

Akatoka akaenda Mbuya, nasi tukadhani ametukimbia. Alirudi na mke wake, Mama Zainabu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mama Zainabu alikuwa mpambaji wa vibuyu na mikeka, na kule kambini wanawake walimfuata awatilie rangi majani ya kusukia. Alimtazama fisi, akapiga makofi kwa kicheko.

"Huyu mnamwogopa? Mvisheni maua! Askari gani anavaa maua?"

"Mama, rangi ndiyo hatuna," nikamwambia.

"Soko liko mlangoni kwenu, halafu unasema hakuna rangi?"

Akaniburuta hadi Nakivubo. Tulinunua manjano ya kupikia na chokaa ya kupaka ukuta. Gundi ya mgunga alikuwa nayo, ililetwa kutoka kwao. Sikilizeni vizuri, maana hili hamtalipata kwenye kompyuta. Manjano peke yake ukipaka juu ya kijani hayaonekani, yanazama. Lakini ukiyachanganya na chokaa, yanageuka mbele ya macho yako, njano inakwenda kwenye chungwa, inakaribia nyekundu, na chokaa inaipa uzito wa kukaa juu ya rangi nyingine. Gundi ndiyo inayoishikilia isipukutike. Nilipoona bakuli lile linageuka, nilipiga kelele. Miezi mizima tulikuwa tunalilia rangi, kumbe ilikuwa imelala kwenye meza ya muuza viungo!

Brashi tulikuwa nazo mbili. Mama Zainabu akagawa vijiti vya mswaki, tukavitafuna ncha mpaka vikawa nyuzi laini. Basi tukakaa sakafuni: mimi, Mzee Kasule, Mama Zainabu, binti zake na shemeji zake, na Afande Adriko mwenyewe ambaye alivua viatu vya jeshi akakunja miguu. Kila mtu na fisi wake. Mwanzo tulikuwa kimya kwa woga, lakini hamwezi kumpaka fisi maua mkiwa wengi mkabaki kimya. Mama Zainabu alianza wimbo. Binti mmoja akamchorea fisi wake ua kubwa moja mgongoni. Mzee Kasule maua yake yalifanana na ndizi za matoke. Afande Adriko alichora nukta ndogo ndogo kwa makini, ulimi umetoka nje, ikabidi tumhimize, la sivyo angemaliza fisi mmoja kwa wiki. Hakuna fisi wawili waliofanana. Nimefanya kazi hii hadi nywele zikawa pamba, na sijapata tena siku za furaha kama zile.

Asubuhi moja, tukiwa tumebakiza fisi wachache, gari likasimama nje. Akaingia mtu mmoja, suruali pana, miwani myeusi. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa kama pembe, na ndani yake karanga. Akazimimina karanga mfukoni, akaikunjua karatasi mezani kwangu. Fisi. Koti la kijani. Bila ua hata moja.

"Nani amefanya hii?" akauliza.

Afande Adriko akainuka, peku, mswaki mkononi. "Hapa ni kwangu."

"Hii ni askari gani?"

"Hiyo haijaisha. Ni ya kujaribu mashine, imetupwa." Akachukua nakala iliyokwisha kupakwa na kushonwa, akaiweka mbele yake. "Hii ndiyo imeisha. Angalia maua. Huyu fisi ni raia."

Alilisema bila kutikisa ukope. Fisi ni raia! Mimi niliuma mdomo. Mtu wa miwani akakichukua kitabu. Akakisoma akiwa amesimama, midomo inakwenda, ukurasa baada ya ukurasa. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo. Akarudi mwisho tena.

"Nani mchoraji?"

"Ni mimi," nikasema.

Akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza. "Hapa jino linauma huku, kushoto." Akafunua. "Hapa daktari anang'oa huku, kulia. Daktari ametoa jino nzima, ile mbovu imebaki."

Nikainama kutazama. Jamani, ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemgeuza fisi kuelekea dirishani ili macho yake yapate kitu cha kutazama, nikasahau upande wa jino bovu.

"Nitarekebisha, afande."

"Rekebisha," akasema. Akatia kitabu kwapani, akachota karanga mfukoni, akaondoka akitafuna.

Tulisubiri mlio wa gari upotee. Halafu Afande Adriko akakaa chini pale pale kwenye bakuli la rangi, suruali ya jeshi ikapata ua lake kubwa, na tukaangua kicheko hata majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Jino tulilirekebisha vipi, na vitabu vimeshachapwa? Tulirudi sakafuni na vijiti vyetu, tukampaka kila fisi uvimbe shavu la pili. Akawa anaumwa pande zote mbili, na daktari ang'oe apendapo. Tangu siku ile, kabla kazi haijaenda mashineni, mimi hufuata kila mtu kwenye picha kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho: kovu liko wapi, kikapu kiko mkono gani, nani ana viatu. Nanyi fanyeni hivyo. Aliyenifundisha hilo sikumpenda, lakini macho alikuwa nayo.

Vitabu vikaenda Nakivubo, vikatoka kama maandazi ya moto. Watoto walikutana mitaani kulinganisha fisi wao, nani ana maua mazuri, nani kapata matoke ya Mzee Kasule. Robota moja Mama Zainabu alisema ni la Mulago, kwa wodi ya watoto, kwa kuwa fisi mwenyewe alitibiwa huko. Tukaenda mimi na yeye mchana mmoja. Wodi ilijaa, vitanda vingine wamelala watoto wawili wawili, wa makabila yote, na wengine familia zao zimetoka Kongo. Muuguzi akaniambia nisome kwa Kiswahili, labda kila mmoja atadaka kidogo. Nikasoma. Kila fisi alipocheka kwenye foleni, Mama Zainabu alicheka kicheko cha fisi chenyewe, kile cha porini, mpaka madaktari wakachungulia mlangoni. Wodi ililipuka. Mtoto aliyekuwa na plasta mguuni aligonga kitanda kwa ngumi. Waliokuwa hawasikii Kiswahili walicheka kwa kuwa wenzao wanacheka.

Nilipofunga kitabu, msichana mmoja mdogo wa Kikongo, kichwa chake kimefungwa bendeji, alinivuta kanga.

"Dada, Fisi iko Mulago. Na Mama Fisi?"

"Mama Fisi amebaki nyumbani."

"Na watoto?"

"Na watoto wako nyumbani."

Akafikiri. "Sasa wanakula nini?"

Nikazirudia kurasa zote, Mama Fisi hakuwemo. Watoto wote wa upande ule wa wodi walikuwa wamegeuka kunitazama, wakingoja, na muuguzi pia amesimama na trei yake mkononi.

"Ngoja," nikamwambia. "Nitakuja kukuonesha."

Nikateremka kilima cha Mulago karibu nikikimbia, Mama Zainabu akinifokea nyuma nipunguze mwendo. Nilifika kiwandani, nikapangusa meza, nikachonga penseli, na kitu cha kwanza nilichochora ni macho ya Mama Fisi, yakitazama sufuria tupu.